Bei ya Chipukizi: Timu za Besiboli za Marekani Zinavyothamini Wachezaji wa Ligi Ndogo

Kila timu kati ya 30 za ligi kuu ya besiboli ya Marekani hulipa vikosi viwili. Cha kwanza kina wachezaji 26, ndio wanaojaza viwanja na kuonekana kwenye televisheni. Cha pili ni vijana wanaoweza kufikia 165, waliotawanywa katika timu ndogo za miji ya mbali, na wengi wao hawatacheza ligi kuu hata siku moja. Hata hivyo, uongozi unapokaa kupanga biashara ya msimu, kikosi hiki cha pili ndicho kinachojadiliwa kwa muda mrefu zaidi. Humo ndimo wanamotoka mastaa wa gharama nafuu, na humo ndimo timu inamochukua vijana wa kutoa inapotaka staa wa timu nyingine. Kumpima kijana wa miaka 19 na kukadiria atakuwa mchezaji wa namna gani akifika 25 kumekuwa taaluma kamili, yenye maskauti, wahandisi, wachumi na magazeti yake.

Mchezo wenyewe ni pambano la watu wawili. Mrushaji anatupa mpira kwa kasi na hila, mpigaji anajaribu kuugonga kwa gongo na kukimbia, na wenzake mrushaji wanatapakaa uwanjani kuuzuia. Ugumu wa kuugonga mpira unaokuja kwa kilomita 150 kwa saa ndio unaofanya njia ya kufika juu iwe ndefu. Kijana hodari wa sekondari au chuo kikuu haingii ligi kuu moja kwa moja. Anaanzia kambi za mafunzo za Florida au Arizona, anapanda Single-A, High-A, Double-A, kisha Triple-A, na safari hiyo huchukua miaka 3 hadi 6 kwa wanaofanikiwa. Tangu mwaka 2021 kila timu ya ligi kuu ina timu washirika 4 katika ngazi hizo, jumla 120. Kabla ya hapo zilikuwa zaidi, na miji zaidi ya 40 ilipoteza nafasi yake katika mfumo huo kwa mkupuo mmoja.

Msomaji aliyezoea soka anahitaji kuzingatia tofauti mbili. Kwanza, timu ndogo hazipandi daraja. Wanaopanda ni wachezaji. Mmiliki wa timu ya Double-A hupata mapato ya tiketi, vyakula na matangazo ya kibiashara, lakini wachezaji wanalipwa na timu kubwa, na ndiyo inayoamua nani aende wapi na lini. Pili, mchezaji hauzwi kwa fedha taslimu kama anavyouzwa mshambuliaji wa Afrika Magharibi kwenda Ufaransa. Mwaka 1976 Charlie Finley, mmiliki wa Oakland A's, alijaribu kuwauza Joe Rudi na Rollie Fingers kwa Boston Red Sox kwa dola milioni 1 kila mmoja, na Vida Blue kwa New York Yankees kwa milioni 1.5. Kamishna wa besiboli, Bowie Kuhn, akafuta mauzo hayo kwa maslahi ya mchezo. Tangu wakati huo fedha zimekuwa kionjo tu katika mabadilishano, na kinachobadilishwa hasa ni mtu kwa mtu. Kwa hiyo chipukizi hana bei iliyobandikwa popote. Thamani yake hukadiriwa, na kila timu ina makadirio yake inayoyaficha.

Mfumo huu ulijengwa na Branch Rickey, aliyeongoza St. Louis Cardinals kuanzia mwaka 1917. Cardinals walikuwa maskini. Walipompata kijana mzuri katika timu huru ya mji mdogo, timu tajiri za New York ziliongeza dau na kumchukua. Rickey akaamua kununua hisa za timu ndogo zenyewe, ili vijana wawe wa Cardinals tangu mwanzo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930 walikuwa na mtandao wa timu zaidi ya 30 na mamia ya wachezaji, wakatwaa ubingwa wa 1926, 1931, 1934 na 1942. Waliozidi mahitaji waliuzwa, na enzi hizo kuuza kuliruhusiwa. Kamishna wa wakati huo, Kenesaw Landis, aliuona mfumo huo kuwa unawafungia vijana, na mwaka 1938 aliwaachia huru makumi ya wachezaji wa Cardinals. Hata hivyo timu zote ziliishia kuuiga.

Leo vijana huingia kwa milango miwili. Wanaoishi Marekani, Kanada na Puerto Rico hupitia drafti, iliyoanza mwaka 1965, ambamo timu huchagua kwa zamu. Tangu 2021 drafti ina raundi 20. Kila nafasi katika raundi 10 za mwanzo ina kiasi cha fedha ya usajili kilichopangwa, na jumla ya viasi hivyo ndiyo bajeti ya timu. Timu inayoivuka kwa zaidi ya asilimia 5 hupoteza haki ya kuchagua raundi ya 1 mwaka unaofuata, adhabu ambayo hakuna timu iliyothubutu kuichokoza. Ujuzi wa tathmini unaanzia hapo. Mwaka 2012 Houston Astros, wenye zamu ya kwanza, walimchagua Carlos Correa wa Puerto Rico na kukubaliana naye dola milioni 4.8, ilhali nafasi yake ilitengewa milioni 7.2. Salio likawasaidia kumlipa mrushaji Lance McCullers milioni 2.5, kijana aliyeshuka hadi zamu ya 41 kwa sababu alitaka fedha nyingi. Wote wawili walikuwa kikosini Astros walipotwaa ubingwa mwaka 2017. Uongozi wa Houston ulikuwa umetathmini drafti nzima kama manunuzi ya jumla, si kijana mmoja mmoja.

Mlango wa pili ni wa Jamhuri ya Dominika, Venezuela na nchi nyingine, ambako kijana huruhusiwa kusaini akiwa na miaka 16. Hakuna drafti huko. Kila timu ina bajeti ya mwaka, ambayo kwa 2025 ilikuwa kati ya takribani dola milioni 5 na milioni 7.5. Timu zote zina akademia Jamhuri ya Dominika, nyingi zikiwa karibu na Boca Chica, mashariki mwa Santo Domingo. Hapa tathmini huwa ngumu kuliko kwingine kote, maana anayepimwa ni mtoto. Makubaliano ya mdomo hufanyika akiwa na miaka 13 au 14, kupitia kwa wakufunzi binafsi wanaoitwa buscones, ambao huwalea, huwafundisha na kuchukua sehemu ya fedha ya usajili. Matokeo yake hayatabiriki. José Altuve wa Venezuela alisaini Houston mwaka 2007 kwa dola 15,000 tu, kwa kuwa maskauti waliona kimo chake cha takribani sentimita 168 hakifai. Mwaka 2017 alishinda tuzo ya mchezaji bora. Ronald Acuña Jr., naye wa Venezuela, alisaini Atlanta kwa dola 100,000 na kuwa mchezaji bora mwaka 2023. Upande wa pili, mwaka 2006 Washington Nationals walilipa dola milioni 1.4 kwa kijana wa Dominika aliyeaminika ana miaka 16. Mwaka 2009 ikabainika kuwa alitumia jina la mtu mwingine na alikuwa na miaka 20 aliposaini. Uwezo wake haukubadilika kwa ugunduzi huo, lakini thamani yake iliporomoka siku moja, kwa sababu umri ndio nusu ya hesabu.

Skauti anapofika uwanjani hutumia kipimo cha alama 20 hadi 80, ambacho chimbuko lake huhusishwa na Rickey. Alama 50 ni wastani wa mchezaji wa ligi kuu. 60 ni hodari. 70 ni wachache sana. 80 ni adimu hata kwa mastaa. Mpigaji hupimwa mambo matano: kuugonga mpira, nguvu ya kuupeleka mbali, mbio, mkono wa kutupa na ulinzi. Mrushaji hupimwa kila aina ya mrusho wake, kisha uwezo wa kuulenga. Kila kipengele hupewa alama mbili, ya leo na ya baadaye, na pengo kati ya alama hizo ndilo linalohitaji jicho la mtu. Mbio za kijana hupimwa kwa saa ya kupimia muda na hazina ubishi. Kuugonga mpira ni habari nyingine. Skauti huangalia kama mikono inakwenda moja kwa moja kwenye mpira, kama macho yanatambua mrusho uliopinda kabla haujapinda, na kama kijana anajirekebisha siku ya tatu dhidi ya mrushaji aliyemshinda siku ya kwanza. Huongea na kocha, na dereva wa basi la timu, na mzazi akimpata, akichunguza kama kijana anaamka mapema kufanya mazoezi. Mwisho wa yote huandika namba moja inayobeba kijana mzima. Mwenye 60 anatarajiwa kuwa nyota wa kikosi. Mwenye 50 ni mchezaji wa kila siku. Mwenye 45 ni wa akiba au wa kuziba pengo. Mwenye 40 ni wa kuitwa wakati wa majeruhi. Tofauti ya alama 5 kati ya 45 na 50 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwenye mabadilishano ndiyo inayotenganisha kijana anayetajwa kwa jina na yule anayeongezwa mwishoni ili mambo yaishe.

Takwimu za ligi ndogo zimekuwepo zaidi ya miaka 100, lakini ukizisoma bila mazingira zinadanganya. Kijana wa miaka 19 anayepiga kwa wastani katika Double-A, ambako wengi wana miaka 23 hadi 25, ana thamani kubwa kuliko mwenye miaka 25 anayetesa kila mrushaji pale pale. Uwanja nao huchangia. Albuquerque, New Mexico, uko mita zaidi ya 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kama ya nyanda za juu za Kenya, na mpira unaopigwa huko unakwenda mbali kuliko ambavyo ungekwenda pwani. Mpigaji mwenye mipigo 30 ya kuvusha uzio katika uwanja huo haonekani vile kwenye hesabu za timu makini. Mchambuzi hushusha namba zake, huongeza za yule anayecheza kwenye hewa nzito, na kulinganisha kila mmoja na wenzake wa umri na ngazi moja.

Katika miaka 15 hivi iliyopita, mashine zimebadilisha kazi hii kuliko kitu kingine. Rada za kampuni ya TrackMan ya Denmark, zilizoanza kwenye gofu, hupima kasi ya mrusho, mizunguko ya mpira kwa dakika, na urefu wa sentimita ambazo mpira unapinda. Kamera za Hawk-Eye, zilezile zinazoamua mpira umetoka au la kwenye tenisi, hufuatilia viungo vya mwili wa mchezaji. Kwa mpigaji kipimo kikuu ni kasi ya mpira unapoachana na gongo. Ukizidi kilomita 153 kwa saa huhesabiwa kuwa mpigo mzito. Faida ya vipimo hivi ni kwamba vinatulia haraka. Idadi ya mipigo iliyofanikiwa kwa mwezi mmoja inaweza kuwa bahati tupu, lakini mtu aliyewahi kuupiga mpira kwa kilomita 180 kwa saa ana nguvu hiyo mwilini, hata kama wiki hiyo mipira yote ilidakwa. Hivyo timu zinaweza kumchukua kijana mwenye takwimu mbaya na vipimo vizuri, kabla mwenye mali hajajua alichonacho. Kwa bahati mbaya kila mtu sasa ana mashine hizo, na silaha ya siri ya mwaka 2012 imekuwa ya kawaida.

Bado watu hukosea sana, na ukweli huu unastahili kuandikwa kwa herufi nzito katika kila ripoti ya tathmini. Chini ya mchezaji 1 kati ya 5 wanaochaguliwa na kusaini hufika ligi kuu, na kufika hapo hata kwa mchezo mmoja kunahesabiwa. Wa raundi ya 1 hufika takribani theluthi mbili. Brien Taylor, chaguo la kwanza la drafti ya 1991, alilipwa na Yankees dola milioni 1.55, rekodi ya wakati huo; aliumia bega mwaka 1993 na hakufika kabisa. Mwaka 2013 Astros walimchagua kwanza mrushaji Mark Appel na kumlipa milioni 6.35, huku Chicago Cubs wakimchukua Kris Bryant kwenye zamu iliyofuata. Bryant alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2016 na Cubs wakatwaa ubingwa mwaka huohuo. Appel alistaafu mwaka 2018, akarudi baadaye, na kucheza ligi kuu kwa mara ya kwanza mwaka 2022 na Philadelphia Phillies, akiwa na miaka 30. Kinyume chake, Mike Piazza alichaguliwa mwaka 1988 katika raundi ya 62, wa 1,390, na leo yumo katika Ukumbi wa Mashujaa wa Cooperstown. Albert Pujols alikuwa wa 402 mwaka 1999.

Warushaji ndio hatari kubwa zaidi. Mkono unaotupa kwa kasi kubwa huchanika kano ya kiwiko, na upasuaji wa kuikarabati, uliofanywa kwa mara ya kwanza na daktari Frank Jobe mwaka 1974 kwa mrushaji Tommy John, hugharimu msimu mzima au zaidi. Kwa sababu hiyo mrushaji na mpigaji wenye alama sawa hawana bei sawa. Mara nyingi mpigaji ni ghali. Paul Skenes, aliyechaguliwa kwanza na Pittsburgh Pirates Julai 2023 kwa dola milioni 9.2 na kuanza ligi kuu Mei 2024, alipunguza hatari ya kuumia njiani kwa kupita ligi ndogo haraka. Pirates walikuwa na sababu ya haraka hiyo: kila mrusho wa Triple-A ulikuwa unatumia mkono ambao ungeweza kushinda mechi Pittsburgh.

Thamani ya chipukizi kifedha, hata hivyo, haitokani na kipaji peke yake. Chanzo chake kikuu ni mkataba wa pamoja wa kazi. Mchezaji akifika ligi kuu hubaki mali ya timu yake kwa misimu 6 ya utumishi. Mitatu ya mwanzo hulipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2022 kilikuwa dola 700,000 na mwaka 2026 ni 780,000. Mitatu inayofuata mshahara huamuliwa kwa usuluhishi, na hupanda kila mwaka bila kufikia bei ya soko. Baada ya hapo huwa mchezaji huru na anaweza kudai anachotaka, kama Juan Soto aliyesaini New York Mets Desemba 2024 kwa dola milioni 765 za miaka 15.

Wachambuzi hukadiria kuwa timu zinaponunua wachezaji huru hulipa kiasi cha dola milioni 8 kwa kila mechi moja ya ziada ambayo mchezaji anawashindia, akilinganishwa na wa akiba wa kawaida. Hesabu ya kukadiria huenda hivi. Kijana mmoja, akifanikiwa, anatarajiwa kuongeza ushindi 2 kwa msimu. Kwa miaka 6 ni ushindi 12, sawa na dola milioni 96 sokoni. Timu itamlipa labda milioni 24 kwa miaka hiyo yote, hivyo ziada ni milioni 72. Lakini uwezekano wa kufanikiwa ni theluthi moja, kwa hiyo ziada inayotarajiwa ni milioni 24. Yuko miaka 3 mbali na ligi kuu, na fedha za kesho hazilingani na za leo. Ukipunguza kwa hilo thamani yake inashuka chini ya milioni 20. Kila tarakimu humo inabishaniwa, na mabishano hayo ndiyo kazi ya ofisi za uchambuzi. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba ziada hiyo inatoka katika jasho la mchezaji anayelipwa pungufu kwa miaka 6. Bila kanuni ya miaka 6, sehemu kubwa ya thamani ya ligi ndogo ingetoweka.

Ndiyo maana siku zenyewe huhesabiwa. Mwaka mmoja wa utumishi ni siku 172 kikosini. Mwaka 2015 Cubs walimwacha Bryant Triple-A hadi Aprili 17, ingawa alikuwa amewatisha warushaji katika mechi za maandalizi. Alimaliza msimu na siku 171, na kwa siku hiyo moja Cubs wakapata mwaka wa 7 wa kummiliki. Bryant alilalamika rasmi, na mwaka 2020 msuluhishi akaamua kuwa timu ilikuwa ndani ya haki yake. Mkataba wa 2022 ulijaribu kurekebisha hali hiyo kwa kuzipa timu chaguo la ziada la drafti zinapompandisha chipukizi mapema naye akashinda tuzo, na kwa kumpa mwaka kamili wa utumishi mchezaji mpya anayeshika nafasi ya 1 au ya 2 kwenye kura za mchezaji mpya bora.

Timu nyingine hununua miaka hiyo mapema. Desemba 2023 Milwaukee Brewers walimpa Jackson Chourio wa Venezuela, mwenye miaka 19 na asiye na mechi hata moja ya ligi kuu, dola milioni 82 kwa miaka 8. Kijana anapata uhakika wa maisha. Timu inapata bei isiyopanda. Si kila mkataba wa namna hiyo unalipa: Phillies walimsaini Scott Kingery mwaka 2018 kwa milioni 24 kabla hajaanza, na hakuwahi kuwa mchezaji waliyemtarajia. Ipo pia kampuni ya Big League Advance, iliyoanzishwa na Michael Schwimer, aliyewahi kuwa mrushaji wa Phillies, ambayo humlipa chipukizi fedha sasa kwa kubadilishana na asilimia ya mapato yake ya baadaye. Akishindwa kufika, harudishi kitu. Fernando Tatis Jr. alichukua fedha hizo akiwa ligi ndogo. Mwaka 2021 San Diego Padres walimpa milioni 340 kwa miaka 14, na mwaka 2025 alifungua kesi California kuupinga mkataba wa kampuni hiyo.

Tatis huyohuyo ni somo katika mabadilishano. Juni 2016 Chicago White Sox walimtoa, akiwa na miaka 17 na bila mechi rasmi ya kulipwa, ili kumpata mrushaji mkongwe James Shields. Shields hakuwasaidia. Makosa ya namna hiyo ndiyo yaliyofundisha timu kuomba wachezaji wa ngazi za chini kabisa, ambako mwenye mali mwenyewe hajui vizuri alichonacho. Agosti 2022 Washington walipomtoa Soto kwenda San Diego walipokea kundi la vijana: CJ Abrams, MacKenzie Gore, James Wood, Robert Hassell na Jarlin Susana. Kutawanya hatari kwa vijana kadhaa kulileta faida, kwani kufikia 2025 Abrams, Gore na Wood wote walikuwa wamechaguliwa katika kikosi cha nyota.

Baltimore Orioles ndio mfano kamili zaidi wa timu iliyojengwa kwa tathmini. Mwaka 2018 walipoteza mechi 115 kati ya 162, wakamwajiri Mike Elias kutoka Houston. Mwaka 2019 walimchagua mdakaji Adley Rutschman kwanza kwa milioni 8.1, na kwa zamu ya 42 wakampata Gunnar Henderson. Mwaka 2022 wakamchagua Jackson Holliday kwanza. Henderson mwaka 2023 na Holliday mwaka 2024 waliongoza orodha ya chipukizi 100 ya jarida la Baseball America, orodha inayochapishwa tangu 1990 na inayoheshimiwa sana. Mwaka 2023 Orioles walishinda mechi 101 kwa moja ya bajeti ndogo kabisa za mishahara. Henderson akawa mchezaji mpya bora na timu ikapata chaguo la ziada la drafti. Halafu mambo yakawa magumu. Holliday alipopandishwa Aprili 2024 alipata mipigo 2 katika majaribio 34 na kurudishwa chini. Mwaka 2025 timu ilishinda mechi 75 tu na kocha akafukuzwa Mei. Sababu moja iko wazi: hazina yao ilikuwa ya wapigaji, na warushaji hawakutosha. Orodha ya chipukizi bora hupanga watu mmoja mmoja, wala haisemi kama watu hao wakikusanyika watakuwa timu.

Kwa muda mrefu gharama ya hatari hii yote iliwaangukia vijana wenyewe. Kabla ya mabadiliko ya hivi karibuni, mchezaji wa kambi za mafunzo alipata chini ya dola 5,000 kwa msimu. Baada ya kesi ya mishahara iliyoishia kwa malipo ya dola milioni 185 mwaka 2022, wachezaji wa ligi ndogo walijiunga na chama cha wachezaji wa ligi kuu, na mkataba wao wa kwanza wa Machi 2023 ukapandisha malipo hadi dola 19,800 kwa kambi za mafunzo, 30,250 kwa Double-A na 35,800 kwa Triple-A kwa mwaka. Timu zilikuwa zimeanza kuwapa makazi mwaka 2022. Kwa kijana ambaye takwimu zinasema huenda hatafika, hilo lilikuwa la haki, na lilichelewa mno. Hata kwa timu gharama ni ndogo: kijana anayekula vizuri na kulala kitandani hukua vizuri, na kulisha wachezaji 165 kunagharimu kidogo kuliko mrushaji mmoja wa wastani.

Afrika imeanza kuingia katika hesabu hizi kwa hatua ndogo. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisaini Pittsburgh mwaka 2008 na kufika ligi kuu Aprili 2017, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo, baada ya takribani miaka 9 ya ligi ndogo. Nchini Uganda, ambako timu ya watoto kutoka Lugazi ilishiriki mashindano ya dunia ya Little League mwaka 2012, maskauti wamekuwa wakifika mara kwa mara. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasaini warushaji wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Kwa timu kubwa usajili wa namna hii ni dau dogo lenye uwezekano mdogo, kwani vijana hao wanakuja na kasi ya mkono lakini bila mechi nyingi za ushindani, na alama yao ya leo iko mbali sana na ya baadaye. Lakini ni mlango uleule alioupitia Altuve kwa dola 15,000.

Makadirio yote ya sasa yameegemea mkataba wa pamoja unaomalizika Desemba 1, 2026. Pendekezo la kuanzisha drafti ya kimataifa lilijadiliwa hadi Julai 2022 na kuvunjika. Likirudi na kupita, au miaka 6 ya umiliki ikipunguzwa kuwa 5, kila timu italazimika kuandika upya thamani ya kila jina kwenye daftari lake.